Mikuyu, mikorosho na chemchemi ya bondeni: nani anakunywa mvua?

SWALI: Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kijiji kilicho chini ya mteremko wa Newala, mkoani Mtwara, upande wa bonde la Ruvuma. Tunategemea chemchemi moja. Miaka ya karibuni maji yake yanapungua sana kuanzia Septemba mpaka mvua ziingie, na mkutano wa kijiji umegawanyika. Wazee wanasema mikuyu na vichaka vinavyoizunguka vinakunywa maji, vikatwe. Vijana wanasema miti ndiyo inayoleta maji, tupande mingi pale na juu kwenye uwanda wa Makonde, na tumeahidiwa miche ya mikaratusi bure. Mimi nimeona kwa macho yangu mvua ikinyesha na chini ya mkorosho udongo ukabaki mkavu. Nani ana haki, na mvua ile inakwenda wapi?

JIBU: Ndugu katibu, wazee wameshika nusu ya ukweli na vijana wameshika nusu nyingine. Tabu ni kwamba wa kwanza wameshaokota shoka na wa pili jembe, na hesabu bado haijafanywa. Naanza na ule udongo mkavu chini ya mkorosho, maana ukishajua mvua inapotelea wapi kati ya wingu na mchanga, shauri la chemchemi halitakuwa gumu.

Mvua ikifika kwenye mwavuli wa mti inagawanyika mafungu matatu. Fungu kubwa hupenya kati ya majani au hudondoka kutoka kwenye ncha zake hadi chini. Haya tuyaite maji ya kudondoka. Fungu dogo hufuata matawi, likashuka kwenye shina. Hayo ni maji ya shinani. Fungu la tatu hunaswa juu ya majani, vijiti na magamba, likakauka hapo hapo na kurudi hewani bila kugusa ardhi. Hili la tatu ndilo linalokusumbua. Hulipimi moja kwa moja. Unapima mvua ya uwanja wazi, unatoa maji ya kudondoka, unatoa maji ya shinani, na kinachobaki ndicho kilichonaswa. Robert Horton, mtaalamu wa maji wa Marekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1919, na hesabu hiyo haijabadilika hadi leo.

Mwavuli wa mti una kipimo chake, kama kibaba. Miti ya majani mapana kwa kawaida hubeba kati ya nusu milimita na milimita 2 za maji kabla haijaanza kudondosha kwa wingi. Chini yake kuna tandiko la majani makavu, nalo lina kibaba chake, mara nyingi milimita 1 au zaidi kidogo. Chukua sasa mvua ya milimita 5. Mwavuli umechukua 1.5 na majani makavu 1.5, kwa hiyo zimebaki milimita 2 za kuingia ardhini. Katika mchanga wa uwanda wa Makonde, milimita 1 ya maji hulowesha takriban sentimita 1 ya udongo uliokauka. Uwanja wazi umelowa sentimita 5, chini ya mkorosho sentimita 2, na zile 2 jua la siku moja linazimaliza. Ndiyo maana uliona vumbi.

Ichukue mvua ya milimita 60 na mti ule ule. Kibaba ni kile kile. Mwavuli utachukua milimita 1.5, na pengine mbili au tatu zaidi kwa yale yanayokauka wakati mvua yenyewe ikiendelea, na zilizobaki zote zinashuka. Kwa hiyo mtu akikuambia “mti unanasa asilimia kadhaa ya mvua”, muulize mvua gani. Manyunyu yanaweza kunaswa karibu yote, na gharika ikapita karibu yote.

Kinachoamua hasara ya mwaka, basi, si wingi wa mvua peke yake. Ni mara ngapi mwavuli umelowa na kukauka. Tuchukue msimu wenye siku 70 za mvua, kila siku mwavuli ukalowa mara moja na kupoteza milimita 1.5: hasara ni milimita 105. Kama mvua ya msimu ni milimita 1,000, kiasi ambacho si kigeni kwa Mtwara na Lindi, hiyo ni kama asilimia 10. Mvua hizo hizo 1,000 zikishuka kwa siku 30 tu za dhoruba, hasara ni milimita 45. Misitu ya tropiki iliyofunga mwavuli, katika vipimo vilivyofanywa sehemu nyingi, mara nyingi hupoteza kati ya asilimia 10 na 20 kwa njia hii. Misonobari ya nchi za baridi hupita hapo, maana huko mvua ni ndogondogo na za siku nyingi.

Na kwa nini maji hukauka upesi juu ya mti kuliko kwenye nyasi? Tazama nguo. Iliyoanikwa kwenye kamba hukauka kabla ya iliyotandazwa chini, hata kama jua ni lile lile, kwa sababu upepo unaipita pande zote. Mti mrefu ni kamba ya namna hiyo. Kaskazi ikivuma Januari, mwavuli uliolowa unaweza kukauka hata usiku, bila jua. Kweli, jani likiwa na maji juu yake, mti nao hupunguza kunyonya kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo sehemu ya hasara hurudishwa. Lakini kwa miti mirefu ukaukaji wa jani lililolowa ni wa kasi kuliko unyonyaji wa kawaida, hivyo marejesho hayo hayatoshi kulipa deni.

Sasa usiichukue asilimia ya mti mmoja ukaipaka shamba zima. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi inayopendekezwa ya meta 12 kwa 12 ni miti kama 69 kwa hekta, na kila mti una eneo la meta za mraba 144. Mwavuli wenye kipenyo cha meta 10 unafunika meta za mraba 78.5, yaani asilimia 54 au 55 ya eneo lake. Ikiwa chini ya mti hasara ni asilimia 15, kwa shamba zima ni kama asilimia 8. Shamba la zamani ambalo matawi yameingiliana halina punguzo hilo, na mikorosho yenyewe haizai vizuri humo. Kuipunguza miti iliyosongamana kunasaidia korosho na maji kwa pamoja. Sijui ushauri mwingine wa kilimo cha kusini unaolipa mara mbili kirahisi namna hiyo.

Kabla sijafika kwenye chemchemi nikueleze namna ya kupima, kwa sababu mkutano wa kijiji utasikiliza namba zenu wenyewe kuliko zangu.

Tafuta ndoo 13 za lita 10 zinazofanana, zenye kina kisichopungua sentimita 20 ili matone yasiruke nje. Pima kipenyo cha mdomo kwa ndani. Tuseme ni sentimita 26: nusu yake ni 13, na 13 mara 13 mara 3.14 ni sentimita za mraba 531. Milimita 1 ya mvua katika ndoo hiyo ni mililita 53. Ndoo ikikusanya mililita 536, gawanya kwa 531, zidisha kwa 10, unapata milimita 10.1. Kupima mililita tumia bomba la sindano kubwa au chupa yenye alama za kipimo. Usikisie kwa kutazama kina cha maji ndani ya ndoo, maana ndoo zetu ni pana juu na nyembamba chini, na kina kitakudanganya.

Ndoo moja iwe uwanja wazi, mbali na mti wa karibu kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti huo. Zile 12 ziwe chini ya mti au ndani ya kichaka unachopima. Zitulizwe kwa mawe, mdomo ukae sawa, juu ya ardhi kama sentimita 30. Wengi hukosea kwa kuweka ndoo mbili tatu tu. Chini ya mti mvua haidondoki sawasawa: kuna mahali matawi yanakusanya maji na kuyamwaga kama bomba, na hatua moja pembeni ni pakavu. Ndoo ikikaa chini ya bomba hilo utasoma mvua nyingi kuliko ya uwanjani, ukidhani mti unaongeza maji. Dawa ni kuzihamisha zile 12 kila wiki bila kuchagua mahali. Gawanya eneo kwa miraba, andika namba kwenye vikaratasi, mtoto achote. Na mvua ya upepo ina kivuli chake: upande unaopigwa unalowa, upande wa pili unabaki mkavu. Ndoo lazima zizunguke mti pande zote.

Soma asubuhi saa moja, kila siku yenye mvua. Ukiiacha mpaka mchana jua limeshapunguza. Majani yaliyoangukia ndani yakung'utie maji yake humo humo kabla ya kuyatupa. Mbuzi wanakunywa kutoka kwenye ndoo hizi, kwa hiyo weka uzio mwepesi, na siku ambayo ndoo imepinduliwa andika “imepinduliwa”, usiandike sifuri.

Maji ya shinani yanahitaji mpira wa maji wa inchi moja. Upasue kwa urefu, toa theluthi ya ukuta wake ubaki kama mfereji, uzungushe shinani mara moja na nusu ukishuka, chini ya tawi la kwanza, na mwisho wake uingie kwenye dumu la lita 20. Mkorosho hutoa matawi karibu sana na ardhi, na pengine una mashina mawili au matatu. Kila shina livishwe mpira wake. Fungia kwa waya mwembamba, ziba upenyo kati ya mpira na gamba kwa silikoni, na ufute gamba likauke kwanza, la sivyo silikoni haishiki na maji yatapita nyuma. Usipigilie misumari. Lita ulizopata zigawanye kwa eneo la mwavuli. Lita 8 kwa mwavuli wa meta za mraba 78.5 ni milimita 0.1. Ni kidogo, na ndivyo kawaida ilivyo: maji ya shinani katika misitu mingi ni asilimia chache tu za mvua.

Kwa mfano, uwanja wazi umesoma milimita 12.0, wastani wa ndoo 12 ni 10.1, shina limetoa 0.1. Kilichonaswa ni 1.8, yaani asilimia 15. Ukishapata mvua ishirini au thelathini za ukubwa tofauti, chora kwenye karatasi ya miraba, mvua ya uwanjani ukiiweka chini na maji ya kudondoka pembeni. Vuta mstari katikati ya nukta. Pale mstari unapokutana na msingi ndipo kibaba cha mti wako kilipo, kwa makadirio. Maji haya msinywe, hasa ya mvua za kwanza chini ya mikorosho: salfa iliyopulizwa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga wakati wa kiangazi, pamoja na vumbi la miezi mitano, yote yanaoshwa humo.

Sasa chemchemi.

Uwanda wa Makonde hauna mito ya kudumu juu yake. Mchanga wake unameza mvua, maji yanashuka chini sana, kisha yanatokea pembezoni, miguuni mwa mteremko na mabondeni. Ndiyo sababu watu wa Newala na Tandahimba walishuka mteremko na mitungi miaka nenda rudi, na ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde unayasukuma maji kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari, kuyapandisha juu. Chemchemi yenu basi hailishwi na mikuyu iliyoizunguka. Inalishwa na mvua iliyonyesha uwandani, pengine miaka kadhaa iliyopita.

Tuone ukubwa wa jambo lenyewe. Pima chemchemi kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 50, ni lita 0.4 kwa sekunde, sawa na lita 34,560 kwa siku, au meta za ujazo kama 12,600 kwa mwaka. Ikiwa katika milimita 1,000 za mvua ni milimita 100 tu zinazopita mizizi na kushuka chini, mnahitaji hekta 12 au 13 za uwanda kuilisha chemchemi hiyo. Hapo ndipo penye ghala lenu, na huenda ni mashamba ya watu wa kijiji kingine kabisa. Ningekuwa mwenyekiti wenu, kikao cha kwanza ningekifanya na hao.

Katika hekta hizo hesabu ya mwaka ni hii: mvua iliyonyesha, toa iliyonaswa, toa iliyonyonywa na mizizi, toa iliyokauka juu ya udongo, toa iliyotiririka juu kwa juu, kilichobaki kinashuka kwenye ghala. Katika hayo yanayotolewa, miti inaongeza mafungu mawili ya kwanza na inapunguza mawili yanayofuata. Nani anashinda hutegemea udongo.

Wazee wana ushahidi mzito upande wao. Katikati ya miaka ya 1950 Frank Law, aliyefanya kazi katika bwawa la Stocks huko Uingereza, alionyesha kuwa shamba la miti ya spruce, jamii ya misonobari, linarudisha hewani maji mengi kuliko nyasi, na akawashtua wahandisi waliokuwa wamezoea kupanda miti kuzunguka mabwawa. Mwaka 2001 mtafiti Zhang na wenzake walikusanya vipimo vya mabonde zaidi ya 250 duniani. Ukiingiza mvua ya milimita 1,000 katika kanuni yao, msitu unarudisha hewani takriban milimita 840 na nyasi 630. Na hapa hapa Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, mabonde mawili ya Mbeya yalipimwa, moja likiwa na msitu wa asili na jingine mashamba ya wakulima wadogo. Bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Udongo wa pale ni majivu ya volkano yanayopitisha maji vizuri hata baada ya kulimwa, na mvua haikupotea juu kwa juu. Mchanga wenu una tabia inayokaribia hiyo ya kupitisha maji. Kwa hiyo vijana wasisimame mkutanoni kusema kwamba kila mti unaongeza maji kwenye chemchemi. Si kweli. Wala kijisitu cha kijiji hakiiti mvua: mvua za msimu za kusini huja na unyevu wa bahari na ukanda wa makutano ya upepo unaposhuka kati ya Novemba na Aprili, mambo ya maelfu ya kilomita.

Lakini soma tena sababu ya Mbeya: udongo uliendelea kupitisha maji. Hapo ndipo nusu ya vijana ilipo. Mchanga wa Makonde ukipoteza kifuniko hauko salama kama unavyoonekana. Shamba likichomwa kila mwaka, nta ya majani inayeyuka na kupaka chembe za mchanga, na maji yanaketi juu kama juu ya turubai kabla ya kuingia. Njia za ng'ombe, nyua zilizofagiliwa, barabara za vumbi vinagandamiza. Ukiona mvua inatiririka na kushuka mteremkoni, hayo ni maji ya chemchemi yenu yanaondoka, na yanachimba makorongo yakishuka. Mwaka 2016 mtafiti Ilstedt na wenzake walichapisha kazi yao ya Burkina Faso, kwenye mashamba yenye miti ya shea: maji mengi zaidi yaliingia ardhini penye miti ya wastani iliyotawanyika, kuliko pasipo na mti kabisa na kuliko penye miti iliyosongamana. Miti michache inafungua udongo na kuwapa wadudu chakula; mingi mno inakula faida yote. Mikorosho kwa meta 12 haiko mbali na hali hiyo ya kati.

Kuna jambo la matone ambalo watu hulipita. Tone linalotoka kwenye ncha ya jani ni kubwa kuliko tone la mvua ya kawaida, na likianguka kutoka meta 8 au 9 linafika chini kwa karibu kasi yake yote. Chini ya mitiki mirefu iliyochomwa moto, udongo unapigwa vibaya kuliko hata uwanja wazi. Mkorosho ni mpole kwa sababu matawi yake yako chini, tone halina mwendo wa kutosha. Basi mwavuli peke yake haulindi udongo. Unaolinda ni mwavuli wa chini kabisa, yale majani makavu. Ndiyo, majani hayo nayo yananasa milimita moja au zaidi, lakini yanaulipa udongo kuliko yanavyochukua.

Kwa uwandani, hivi ndivyo ningewaomba wenye mashamba. Majani ya mkorosho yasichomwe. Wakati wa kusafisha kabla ya kuokota korosho, yakokotwe hadi kwenye ukingo wa mwavuli, yawe duara, upana wa meta moja. Mwavuli wa mkorosho uliojikunja hadi karibu na ardhi mara nyingi humwaga maji mengi pale ukingoni, na huko ndiko mbolea na matandazo yafanye kazi. Shinani ni pakavu. Karanga, kunde na mbaazi zipandwe nje ya ukingo huo. Mitaro ya barabara ielekezwe kwenye mashimo ya kunywea maji kila inapoanza kuchimba. Penye mwinamo wekeni makinga maji ya kontua, yaani matuta yanayokata mteremko kwa usawa. Ule mteremko wenyewe, na vichaka vyake, usiguswe kabisa: hapo mkipata milimita chache kwa kufyeka, mtapoteza udongo ambao haurudi.

Mikaratusi ikataeni, pale chemchemini na juu uwandani katika eneo linalowalisha. Ina majani mwaka mzima, inakua haraka, mizizi yake inafuata maji chini. Kama kijiji kinataka kuni na nguzo, ipandwe mbali, mahali ambapo maji yake hayaji kwenu, na kwa eneo dogo.

Na ile mikuyu? Tuifanyie hesabu kwa haki. Mkuyu wenye mwavuli wa meta 10 uliosimama na mizizi ndani ya maji, tuseme unanyonya milimita 4 kwa siku ya kiangazi: ni lita 314. Kumi ya namna hiyo ni lita 3,140 kwa siku. Katika lita 34,560 hiyo ni asilimia 9. Wazee hawakuota. Lakini kwa asilimia hiyo 9 mtaondoa kivuli, mizizi inayoshika ukingo, na majani yanayochuja maji ya juu yanayobeba kinyesi cha mifugo. Ukingo ukibomoka, tope linaziba jicho la chemchemi na hasara yake haitahesabika kwa asilimia. Wala sehemu hiyo msingeibakisha tupu. Matete na magugu yataingia, nayo yananyonya. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60 za chanzo cha maji zinazoweza kukiharibu. Mikuyu na mizambarau ya asili iliyopo ibaki, mipya isiongezwe, na ng'ombe wanyweshwe kwenye birika lililojengwa nje ya meta hizo 60.

Kabla hamjalaumu mti wowote, jibuni pia haya: kuna visima virefu vipya vilivyochimbwa karibu? Misimu miwili mitatu iliyopita ilikuwa ya mvua haba? Jicho la chemchemi limezibwa na mizizi au mchanga, maji yakatokea chini zaidi bila mtu kujua? Hili la mwisho mnaweza kulitazama kesho, kwa kutafuta kijani kibichi mwezi wa kiangazi chini ya chemchemi, na kulitibu kwa kusafisha jicho na kulijengea upya chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Kwa swali la visima na vibali nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yake iko Mtwara.

Msitegemee jibu la msimu mmoja. Maji yanayopita mchanga wa makumi ya meta hufika kwa kuchelewa, kwa hiyo mvua nzuri ya mwaka huu inaweza kuonekana chemchemini baadaye sana, na mkifyeka mwezi huu kisha maji yakaongezeka mwakani, huenda mnaona mvua ya zamani. Pimeni chemchemi kila wiki, siku ile ile, alfajiri kabla foleni haijaanza, mara tatu mfululizo, na muandike sekunde zote tatu kwenye daftari moja lisilohama nyumba kwa nyumba. Ndoo 13 za uwandani ziwe zimekaa mahali pake wiki ya mwisho ya Oktoba. Daftari la chemchemi lisisubiri hizo: lianze wiki hii, kwa sababu kipimo cha Oktoba na Novemba, maji yakiwa chini kabisa, kikikosekana mwaka huu mtangoja mwaka mzima kukipata tena.